Kuzuru Nairobi na vilima vyake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Agosti na Desemba nyumba yangu hujaa wageni: ndugu wa Mombasa, jamaa wa Kisumu, shemeji wa Arusha. Maswali yao hayabadiliki. Nimeyajibu mezani miaka mingi, leo nimeamua kuyaandika, kwa sababu naupenda mji huu na huniuma mtu akiondoka akiwa ameona maduka tu.

Nairobi ina nini cha kutazama zaidi ya maghorofa na foleni za magari?

Ina kimo. Watu hufika, wakaona Barabara ya Thika imejaa magari, wakasahau kwamba wako nyanda za juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, karibu kabisa na ukingo wa Bonde la Ufa. Mgeni wa Pwani hulijua hilo usiku wa kwanza anapoomba blanketi la pili. Jina lenyewe limetoka kwa Wamaasai: Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899, wajenzi walipiga kambi hapa kwa kuwa palikuwa tambarare na pana maji. Mbele yao ardhi ilianza kupanda kuelekea Kikuyu na Limuru, kisha kuporomoka ghafla hadi bondeni, na vifaa vya kazi hiyo vilihitaji pa kuwekwa. Mji umezaliwa chini ya ngazi, tuseme.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila mgeni ni mmoja: panda, na panda mapema. Kufikia saa nne asubuhi moshi na vumbi vimeshaanza kuifuta mandhari, na mawingu yamekwisha kushuka juu ya milima ya mbali.

Nina siku moja tu. Niende wapi?

Milima ya Ngong. Najua wengi watakwambia mbuga ya wanyama kwanza, na hawajakosea, lakini wanyama utawaona Tsavo, Mara au Serengeti. Mahali ambapo ukigeuka kushoto unaona jiji lote na ukigeuka kulia unaona Bonde la Ufa, sijapaona kwingine.

Vilele vya Ngong ni vinne au saba?

Inategemea unayemuuliza. Ramani na vitabu huhesabu vinne vikubwa, mfano wa vifundo vya ngumi, na kirefu kuliko vyote kina mita 2,460. Watembeaji wa Jumamosi husema saba, kwa sababu miguu yao huhesabu kila mteremko na kila mpando. Ukitembea mgongo wote wa milima, kuanzia kwenye mitambo ya upepo upande wa kaskazini hadi Kona Baridi upande wa kusini, utaelewa kwa nini wanasema saba.

Safari yenyewe haina ugumu wa kupangwa. Panda matatu nambari 111 mjini, shuka Ngong, kisha bodaboda au mguu hadi lango la msitu. Hapo utalipa kiingilio cha shirika la misitu na kuandikisha jina. Mitambo ya upepo utaisikia kabla ya kuikaribia: mvumo mzito unaokuja na kupotea, kila pangaboi likikata hewa kwa zamu. Ya kwanza ilijengwa mwaka 1993, na siku hizi kituo chote kina uwezo wa megawati 25.5.

Baada ya hapo ni majani mafupi, ng'ombe na mbuzi wa Wamaasai, na upepo usiokuachia kofia. Mara ya kwanza nilimpeleka mpwa wangu tukachelewa kutoka nyumbani, tukafika langoni saa sita mchana tukiwa na chupa moja ya maji baina yetu. Jua la nyanda za juu halionekani kali kwa sababu hewa ni baridi, lakini linachoma. Kwenye kilima cha tatu kijana alianza kuumwa kichwa. Mzee mmoja mchungaji alikuwa ameketi kivulini na fimbo yake, akatukaribisha tukae. Nikamuuliza, "Mzee, ule mlima mpana kule chini unaitwaje?"

"Ile ni Suswa, kijana wangu. Na ile imechongoka nyuma yake, Longonot." Kisha akamtazama mpwa wangu na kusema, "Huyu mtoto arudi. Mlima haendi mahali."

Tulirudi. Tulikwenda tena wiki mbili baadaye, saa moja asubuhi tukiwa langoni, tukamaliza hadi Kona Baridi na kula nyama choma Kiserian kabla ya saa tisa. Kutoka Kiserian matatu nambari 126 hukurudisha mjini.

Milima hii ina kumbukumbu zake nzito pia. Wazee wa Nairobi wakitaja Ngong hukumbuka Machi 1975, mwili wa mbunge J.M. Kariuki ulipookotwa upande huo. Wapo wanaopanda kutafuta kaburi la Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani Mwingereza aliyekufa kwa ajali ya ndege huko Voi mwaka 1931, akazikwa kwenye mteremko unaotazama mashariki.

Ni salama kutembea huko?

Kwa kikundi, ndiyo. Usipande peke yako, na ukitaka kwenda hadi Kona Baridi omba askari wa msitu akusindikize. Kuna malipo yake na yanastahili. Miaka ya nyuma watu waliibiwa simu sehemu za mbali na lango, na ndiyo sababu utaratibu wa askari ukawekwa. Jumamosi na Jumapili njia hujaa watu. Siku za kazi huwa kimya mno.

Ni kweli Mlima Kenya huonekana kutoka Nairobi?

Kweli kabisa, na aliyeishi hapa miaka mingi bila kuuona hakuamka mapema. Asubuhi baada ya usiku wa mvua, kabla ya saa mbili unusu, tafuta ghorofa au mwinuko wowote, kisha tazama kaskazini. Utaona meno ya vilele, na theluji iliyobaki kwenye mlima wa mita 5,199. Mwaka 2020, wakati shughuli zilipopungua kwa ajili ya korona na hewa ikasafika, picha za mlima ukiwa nyuma ya maghorofa zilisambaa mitandaoni na watu wakabisha kwamba zimetengenezwa. Hazikutengenezwa. Kilimanjaro nao huonekana kutoka Ngong siku zilizotakata, lakini huo ni wa bahati.

Mbuga iko ndani ya jiji kweli, au ni bustani ya wanyama?

Ni mbuga kamili. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, ina kilomita 117 za mraba na iko kilomita saba hivi kutoka katikati ya jiji. Ina uzio pande tatu. Upande wa kusini umeachwa wazi ili nyumbu na pundamilia waende na kurudi kwenye tambarare za Kitengela na Athi. Uwazi huo ndio uhai wa mbuga, na kila mwaka nyumba na ua zinauminya. Ukisikia simba ameonekana Rongai au Kitengela, usimlaumu simba.

Ndovu hakuna, eneo ni dogo kwao. Vifaru ndio fahari yake, weusi na weupe, na uwezekano wa kumwona kifaru hapa ni mkubwa kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Simba ni majaliwa. Geti hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ingia saa hiyo hiyo, kabla simba hawajalala.

Hairuhusiwi kushuka garini isipokuwa sehemu chache. Mojawapo ni mwinuko wa kutazamia unaoitwa Impala, ambapo unaona tambarare yote ikiwa na twiga mbele na maghorofa nyuma, na daraja refu la reli mpya likikatiza katikati. Nyingine ni mahali pembe za ndovu zilipochomwa: tani 12 mwaka 1989 chini ya Rais Moi, na tani 105 mwaka 2016 chini ya Rais Uhuru Kenyatta. Majivu yameachwa hapo hapo. Simama kidogo. Kila rundo lilikuwa kundi la ndovu.

Asiye na gari aende Nairobi Safari Walk, kando ya lango kuu la Barabara ya Lang'ata. Unatembea kwenye ujia wa mbao ulioinuliwa, wanyama wako chini yako.

Watoto watafurahia wapi?

Watoto wa ndovu na twiga, vyote siku moja, maana haviko mbali.

Kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick kilianzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe, David, aliyekuwa mlinzi wa Tsavo. Wageni huruhusiwa saa moja tu, saa tano hadi saa sita mchana, na lazima uweke nafasi mapema. Wakati wa likizo nafasi huisha siku nyingi kabla. Walezi huja na chupa kubwa za maziwa, na ndovu hutoka porini wakikimbia kwa zamu. Mdogo kabisa hufungwa blanketi mgongoni, kwa sababu porini angejikinga na baridi chini ya tumbo la mama yake, na mama hayupo. Binti yangu alipoambiwa hivyo alinyamaza njia nzima ya kurudi. Wakishapata nguvu hupelekwa Tsavo, kujifunza upya kuishi na ndovu wenzao.

Kituo cha Twiga, Lang'ata, kilifunguliwa kwa umma mwaka 1983 ili kuwaokoa twiga wa Rothschild, waliokuwa wamebaki wachache magharibi mwa Kenya. Watambue kwa miguu: chini ya goti ni myeupe isiyo na madoa, kama waliovalishwa soksi. Unapanda roshani ya mbao hadi usawa wa kichwa cha twiga, unapewa chembe za chakula mkononi, na ulimi unakuja, mweusi kama zambarau iliyoiva, mrefu kuliko mkono wa mtoto toka kiwiko hadi vidole, unakwaruza kama msasa. Matatu nambari 24 ndiyo ya upande huo.

Mkiwa bado na nguvu, nyumba ya Karen Blixen iko karibu, chini ya milima ya Ngong. Mwandishi huyo wa Denmark alilima kahawa hapo hadi 1931 na kushindwa. Mahali hapo ni juu mno na pana baridi mno kwa kahawa. Nyumba ikawa makumbusho mwaka 1986. Mimi huenda zaidi kwa ajili ya bustani, maana kutoka nyuma ya nyumba unaiona Ngong yote kwa mstari mmoja.

Karura ni msitu tu. Kuna nini cha maana?

Kuna kwamba bado upo. Msitu huu wa hekta elfu moja na zaidi kidogo, uliotangazwa rasmi mwaka 1932, ulianza kumegwa miaka ya tisini na kugawiwa watu binafsi wajenge. Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miche. Januari 1999 walishambuliwa langoni na walinzi, naye akapigwa hadi akatoka damu kichwani. Hakuacha. Mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza Mwafrika. Kila ninapopita kivulini pale namshukuru kwa jina.

Leo utakodi baiskeli, utatembea hadi kwenye maporomoko ya maji, utafika kwenye mapango waliyojificha Mau Mau. Njia zimewekwa nambari kwenye makutano, kwa hiyo ni shida kupotea. Nenda asubuhi uwakute kima weupe kwa weusi, mbega, wakiruka juu ya vichwa vyenu. Matatu za Ruaka zinazopita Barabara ya Limuru zitakushusha mlangoni.

Ukipenda miti ila hutaki mwendo mrefu, Arboretum iko karibu zaidi na mjini, imepandwa tangu 1907. Angalia chakula chako, tumbili wa huko wana haraka.

Katikati ya jiji kuna kipi kisichopaswa kukosekana?

Kwanza KICC, jumba la mikutano la orofa 28 lililokamilika mwaka 1973, kazi ya David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik. Lipia lifti upande hadi juu kabisa. Kutoka pale ramani ya Nairobi inajieleza yenyewe: Ngong kusini-magharibi, mbuga kusini, Kilimambogo kaskazini-mashariki, na Uhuru Park miguuni pako.

Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga hapo jengo la orofa 60, na ni Wangari Maathai tena aliyesimama mbele. Kwenye kona yake akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula mwaka 1992 wakidai wana wao. Ndiyo Kona ya Uhuru. Ukifika, wasimulie watoto.

Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill, itakuchukua nusu siku. Uani kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye meno yake yalikuwa marefu hata Rais Jomo Kenyatta akampa ulinzi kwa amri yake. Alikufa mwaka 1974 kwa uzee. Ndani, kwenye chumba chenye mwanga hafifu, amelala Mvulana wa Turkana. Mifupa yake iligunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho lisilopitwa na kitu, na ina umri wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Inama uitazame mbavu kwa mbavu. Zinafanana na zetu kiasi cha kuogopesha.

Makumbusho ya Reli, iliyofunguliwa mwaka 1971, wengi huiruka na hukosea. Utapanda kwenye magarimoshi ya mvuke, na utaona behewa ambamo afisa wa polisi, Charles Ryall, alivutwa na simba dirishani akiwa amelala, pale Kima, mwaka 1900.

Bustani ya Ukumbusho ya Agosti 7, pembeni ya Moi Avenue na Haile Selassie, ni mahali padogo na kimya. Majina ya waliouawa kwa bomu mwaka 1998, zaidi ya 200, yamechongwa ukutani. Nenda taratibu.

Bonde la Ufa nilitazame wapi?

Kwenye barabara ya zamani inayoshuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu. Njiani unapita mashamba ya chai, kijani kilichonyolewa kama zulia; Limuru ndiko chai ilikopandwa kwanza nchini, mwaka 1903. Kisha barabara inapinda, miti inaisha, na ardhi inaisha. Kuna vibanda vya kutazamia vilivyoning'inia ukingoni, na wauzaji wa kofia za manyoya ya kondoo. Chini kabisa ukiendelea kuna kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, walipokuwa wakichonga barabara hiyo. Mai Mahiu, kwa Kikikuyu, ni maji moto.

Mwenye siku nzima aendelee hadi Longonot, mita 2,776, apande hadi mdomo wa volkano. Au Hell's Gate, Naivasha, mbuga ambayo unaruhusiwa kuizunguka kwa baiskeli katikati ya pundamilia.

Nasikia Barabara ya Magadi ni nzuri. Nifike wapi?

Hata ukifika Olorgesailie ukarudi, umefaidi. Kutoka Kona Baridi barabara inashuka zaidi ya mita elfu moja, masikio yanaziba, na sweta unalivua kabla ya kufika chini. Olorgesailie ni mahali ambapo akina Leakey, watafiti wa mambo ya kale, walikuta mamia ya mashoka ya mawe mwaka 1942, yametapakaa juu ya ardhi. Mengi yameachwa pale pale yalipokutwa, na unapita juu yake kwenye ujia wa mbao. Shoka moja lina umbo la tone la maji, kingo zimegongwagongwa pande zote mbili hadi zikapata makali. Aliyeligonga aliishi mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, na bado unaona mahali kidole gumba kingekaa.

Magadi yenyewe, ziwa la chumvi na heroe, ni mbele zaidi na joto lake ni kali. Beba maji mengi kuliko unavyodhani.

Na upande wa Thika?

Kilimambogo, au Ol Donyo Sabuk, mita 2,145, mlima mmoja pekee ulioota tambarare. Nyati wapo, kwa hiyo tembea na askari. Karibu yake kuna Maporomoko Kumi na Manne ya mto Athi. Nenda mto ukiwa umejaa baada ya mvua. Wakati wa kiangazi taka zinazoletwa na maji kutoka jijini zinasikitisha, na ni zetu sisi wenyewe.

Nije mwezi gani, na nibebe nini?

Januari na Februari anga huwa safi. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi ni Oktoba hadi Desemba. Julai ni baridi ya ukungu. Ngong unaweza kutembea kwa muda wa saa nne bila kuona kitu. Beba sweta hata jua likiwaka, kofia, na viatu vyenye meno, maana udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na misitu tangu Juni 2020, basi njoo na chupa yako ya kujaza. Malipo ya mbuga ni kwa njia ya mtandao, kupitia eCitizen, na viwango vya raia, vya Waafrika Mashariki na vya wageni wengine hutofautiana. Vitazame kabla ya kutoka nyumbani, uje na kitambulisho.

Mama yangu ni mzee, hawezi kupanda. Atabaki nyumbani?

Asibaki. KICC ina lifti. Ngong gari hufika hadi karibu na mitambo ya upepo. Na ukingo wa Mai Mahiu hauhitaji hatua ishirini kutoka barabarani.

Shangazi yangu wa Likoni ana magoti mabovu, na nilimpeleka pale Desemba iliyopita, saa moja na nusu asubuhi. Nilimwekea kiti, nikamshikisha kikombe cha chai ya maziwa, shuka begani. Saa hiyo jua liko nyuma yako na ukingo bado unatupa kivuli chake bondeni, hivyo nusu ya bonde ina giza na nusu inang'aa. Alikaa muda bila kusema. Mwishowe akauliza, "Mwanangu, kumbe dunia ina sakafu nyingine huku chini?" Nikamwonyesha Longonot, nikamwonyesha Suswa, kama nilivyoonyeshwa na yule mzee. Hakutaka tuondoke. Tulikaa hadi kivuli kikajikunja chote, mapaa ya mabati ya Mai Mahiu yakaanza kumetameta, naye akaanza kuyahesabu kwa kidole.